Kisu cha mpini wa mbao kikinyeshewa, mbona kinagoma kufunguka?

Masika ikishaanza hapa Moshi mezani kwangu hapakosi kisu kisichofunguka. Cha juzi kaleta jamaa anayepandisha watalii Kilimanjaro, Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa, kaachiwa zawadi na mgeni Mfaransa, kakaa nacho siku sita kwenye njia ya Machame, na ule msitu wa chini anayeujua anaujua, mvua haikuulizi. Kushuka kisu kimeganda. Ananiambia, "Fundi kimeshika kutu hiki, kitie oili." Nikamwambia kaka weka oili yako kwenye pikipiki, hiki kisu hakina kutu hata chembe, bapa lenyewe ni la chuma kisichoshika kutu, kilichovimba hapo ni mbao.

Hakuamini. Na wengi hawaamini, kwasababu mtu akiona kitu cha chuma kimegoma akili inaenda kwenye kutu moja kwa moja.

Lakini kama umekulia kwenye nyumba yenye jembe hii kitu unaijua tangu utoto. Jembe likianza kuchezacheza kwenye mpini mzee anakwambia kaliloweke, unalitumbukiza kwenye ndoo usiku, asubuhi limekaza kama limechomelewa. Maji yameingia kwenye mbao, mbao imevimba, jicho la jembe ni chuma halitanuki, basi pamebanana. Kwenye kisu ni hivohivo, tofauti ni kwamba kwenye jembe ulitaka pabane na kwenye kisu hukutaka.

Sasa kwa nini Opinel hasa. Hiki kisu kilianza 1890 huko Savoie, milima ya Alps upande wa Ufaransa, kwa mtu anaitwa Joseph Opinel, na mwaka 1897 wakakitoa kwa saizi kumi na mbili zenye namba. Kilikuwa kisu cha wakulima na wafugaji wa milimani, kwahiyo kikatengenezwa rahisi kabisa: kipande kimoja cha mbao kimekatwa mfereji katikati, bapa linakaa mle ndani, msumari mmoja unapita, pete ya chuma imebana shingo ya mpini. Baadaye 1955 wakaongeza pete ya pili ya nje, ile inayozunguka kufunga bapa lisikurudie vidoleni, wanaiita Virobloc. Basi, imeisha. Hakuna bamba la chuma kati ya bapa na mbao, bapa linasuguana na mbao yenyewe, na pale kwenye shingo ile pete ya ndani imeikumbatia mbao haiwezi kutanuka kwenda nje, kwahiyo ikivimba inaelekea wapi? Ndani, kwenye mfereji, kwenye bapa. Ndo maana kisu kinakuwa kigumu pale shingoni kwanza hata kama kule kitakoni bado kuna nafasi ya kupitisha karatasi.

Mbao wanayotumia zaidi ni biichi, mti wa Ulaya, mgumu na unachongeka vizuri, mzuri sana kwa mpini, ila kwenye maji una pupa. Mbao yoyote haivimbi sawasawa pande zote, kwa urefu wa nyuzi haiongezeki cha maana, inavimba kwa upana, na biichi ni katika zile zinazovimba sana. Piga hesabu ya fundi: kila unyevu ukipanda asilimia moja ndani ya mbao, upana unaongezeka kama asilimia 0.2 mpaka 0.4, kutegemea nyuzi zimelala vipi. Mpini wa namba 8 una unene wa sentimita 2 na kidogo. Unyevu ukipanda asilimia tatu tu, ambayo ni kukaa kwenye begi lenye ubichi wala siyo kutumbukia mtoni, tayari unaongelea mpaka robo ya milimita. Na nafasi ya bapa mle kwenye mfereji ni ndogo, ilitakiwa iwe ndogo ili kisu kisicheze. Robo ya milimita inatosha kukunyima kisu wakati umeshika parachichi mkononi.

Mpini una vanishi, mtu atasema, maji yanaingiaje? Vanishi iko nje mzee. Mle ndani ya mfereji, kwenye visu nilivyofungua mimi, mbao iko wazi. Na pale shingoni na kitakoni nyuzi zimekatwa, vichwa vyake vinaangalia nje kama mirija ya soda, hapo ndo maji yanapandia kwa kasi kuliko sehemu yoyote. Tena vanishi ina ubaya wake, maji yakishapita kwa ndani inayachelewesha kutoka.

Kikishagoma porini ufanyeje. Kwanza usishike plaizi ukavuta bapa, utalitia alama au litakuja lote kwa mkupuo na makali yako wapi hapo, fikiria. Wenyewe kule Savoie wana ujanja wao wa zamani: zungusha pete ifunguke, shika kisu upande wa shingo, halafu gonga kitako cha mpini kwenye jiwe au kisiki, siyo kwa hasira, tok tok, bapa linatoka kidogo kwa mshtuko, unalimalizia kwa kucha kwenye ule mkwaruzo wake. Watu wengi wanasahau pete, wanagonga mpaka wanachoka kumbe kisu wamekifunga wenyewe. Kikikataa kabisa kiache, tumia kingine, au azima.

Kikifunguka kifute, kiache wazi, kiweke kivulini penye upepo, siku mbili tatu. Kivulini. Siyo juu ya bati, siyo pembeni ya moto, siyo kwenye oveni, na kuna mmoja alikichimbia kwenye mchele kama simu iliyoingia maji, mchele hauna ubaya ila na faida yake sijaiona. Moto ndo mbaya: mbao ikikauka nje haraka na ndani bado mbichi, nje inataka kusinyaa ndani inakataa, inapasuka, na itapasuka palepale ilipo nyembamba, kwenye mdomo wa mfereji. Nimepokea mipini ya hivo na hapo hakuna gundi itakayokusaidia muda mrefu.

Halafu kuna kosa nililolifanya mimi mwenyewe na nalisema ili usilirudie. Miaka ya mwanzo nikiletewa kisu kimebana nilikuwa nachukua msasa, naukunja kwenye rula ya chuma, napitisha mferejini mpaka bapa linateleza kama siagi, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Mmoja akahamia Dodoma na kisu chake. Ukavu wa Dodoma unaujua. Baada ya miezi akanitumia video bapa linayumba kushoto kulia kama mkia wa mbuzi, nikaona aibu. Nilichofanya nilipunguza mbao ikiwa imevimba, ilipokauka ikarudi kwenye saizi yake, na nafasi yangu ya msasa ikaongezeka juu yake. Na kuna jambo lingine tena, rudi kwenye jembe: si unakumbuka lile jembe lililolowekwa, baada ya wiki ya jua linalegea kuliko mwanzo? Mbao ikivimba huku imebanwa na chuma, vijumba vyake vya ndani vinapondeka, ikikauka hairudi pale ilipokuwa, inakuwa ndogo zaidi. Pete ya Opinel inafanya kazi ileile. Kwahiyo kisu kikilowa na kukauka mara nyingi kinakuja kulegea chenyewe bila wewe kugusa msasa. Ukiongeza na msasa umekiua mara mbili.

Siku hizi simgusii mtu mfereji mpaka kisu kikae dukani wiki nzima kikauke. Nikikausha, vingi havihitaji msasa wowote, vinahitaji mafuta. Natumia linsidi mbichi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, siyo ile iliyochemshwa ya kupakia milango, kwasababu ile inawekwa dawa za kukaushia na hiki kisu mtu anakatia embe. Mbichi inachelewa kukauka, wiki na zaidi, vumilia. Napaka kidogo mferejini kwa kijiti chenye kitambaa, shingoni, kitakoni, nafuta iliyozidi, nasubiri, narudia mara tatu. Mafuta ya alizeti usiweke, yanabaki kunatanata na kukusanya vumbi. Ya nazi hayakauki. Pale kwenye msumari nayeyusha vaselini kwenye kikopo ndani ya sufuria ya maji moto, nadondoshea, inaingia kwenye vinafasi ambavyo maji yangeingia, ikipoa inaganda hapo. Hii ya vaselini ndo inaleta tofauti kubwa kuliko hayo mengine yote na ni ya bei ya chai.

Nisikudanganye, mafuta hayazuii maji, yanayachelewesha. Kisu cha mbao ukikiacha ndani ya beseni la vyombo kitavimba tu uwe umekipaka nini.

Wenye visu vya aina nyingine, vile vyenye mabamba ya chuma ndani na mbao imepigwa ribiti kwa nje, kama Laguiole nyingi, nazo za Kifaransa, ninyi shida yenu siyo kubana. Mbao haigusi bapa. Ila maji yanaingia kati ya mbao na bamba yanakaa humo, mbao inajikunja, inaachana na chuma, au inapasuka kwenye ribiti, na kutu inakula springi mgongoni wewe huioni. Hicho kikilowa kifungue, kikung'ute, kikauke kikiwa wazi, tone la mafuta kwenye bawaba. Na mpini ukiwa wa mwaloni au wolnati na bapa la chuma cha kaboni, ukiona weusi kwenye mbao siyo uchafu, ni chuma na ile dawa ya asili ya kwenye mti vimekutana na maji. Hautoki kwa kusugua.

Naulizwa sana kuhusu kubadilisha mpini niweke mpingo. Naweka, mpingo ni mzito mpaka unazama kwenye maji na maji yanaingia kwa tabu, ila unakula misumeno yangu kwahiyo bei itakukera. Mimi kisu changu mwenyewe nimekiwekea mninga. Ni mwepesi, na katika mbao zetu ndo mtulivu kuliko nyingi nilizowahi kukata, ukishakauka hauhangaiki na kuvimba na kusinyaa. Namba 8, mwaka wa tatu huu, kimenyeshewa Machame na kimenyeshewa Marangu, kilibana mara moja tu, nikakigonga kwenye kisiki kikafunguka.

Na vile vitambaa vya linsidi usivikunje ukatupa kona ya duka, vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka moto. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja.