Njia ya Marangu haikuanza mwaka 1977

Kila msimu wanaokuja kupanda Kilimanjaro, Watanzania wakiwemo, wanafika geti la Marangu na kauli ileile: eti njia hii ilifunguliwa 1977, na kabla ya hapo mlima ulikuwa umefungwa. Inachosha kuisikia, maana inawafuta watu waliopita hapa kwa miongo mingi.

Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipofika kileleni Oktoba 1889, walianzia Marangu kwa Mangi (chifu) Marealle, na wapagazi wa Kiafrika ndio waliowabebea mizigo. Baadaye Wajerumani walijenga vibanda vya Bismarck na Peters. Leo tunaviita Mandara (mita 2,720) na Horombo (mita 3,720). Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 1973, ikazinduliwa 1977. Kilichozinduliwa ni hifadhi. Njia ilikuwepo.

Kosa hilo huzaa lingine: kwamba hifadhi imeanzia getini siku zote. Hapana! Mwanzoni mpaka wake ulikuwa mita 2,700, juu ya msitu. Geti liko kwenye mita 1,860 hivi, kwa hiyo kutoka hapo hadi karibu na Mandara ulikuwa unatembea ndani ya ushoroba (ukanda mwembamba wa kupitia), mmoja kati ya sita za hifadhi zilizopenya msituni. Kushoto na kulia kwako ulikuwa msitu wa akiba, chini ya watu wa misitu. Chini zaidi, kupakana na vihamba (mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba), kuna "nusu maili": ukanda uliotengwa 1941 ili wanakijiji wapate kuni na mahitaji mengine. Msitu uliingizwa hifadhini 2005. Anayetaka kujua mwananchi alibanwa wapi auangalie msitu kwanza. Mama wa Marangu hagombanii kilele cha Uhuru. Anachohitaji ni kuni na majani ya ng'ombe.

Kauli nyingine za makosa, kwa kifupi.

"Nikishalipa naenda mwenyewe." Huendi. Mwongozaji mwenye leseni ni lazima, hata kama umezaliwa Kilema.

"Mtanzania analipa sawa na mgeni." Si kweli, ada ya raia ni ndogo sana. Ila beba kitambulisho. Bila hicho huna cha kuthibitisha uraia.

"Bila siku tano usijisumbue." Ipo safari ya siku moja hadi Mandara, kama kilomita 8, saa tatu hadi nne za kupanda, na kreta ya Maundi iko robo saa tu mbele. Ningemshauri kila mtu aanze na hii. Ondoka getini asubuhi mapema, na koti la mvua liwe juu kabisa ya begi: msituni mvua hushuka ghafla mchana, na mizizi iliyolowa inateleza vibaya wakati wa kurudi.

"Tutashukia Mweka." Mweka ni njia ya kushukia kwa waliopandia Machame, Umbwe au Lemosho. Ukipandia Marangu unashukia Marangu, kwa hiyo gari likusubiri palepale lilipokushusha.