Je, wajua kwa nini waliofungwa pamoja hawatoki pamoja kwenye rufaa?

Watu watano wamehukumiwa kwa kosa moja, siku moja, na jaji mmoja. Miaka inapita, rufaa inasikilizwa. Watatu wanarudi nyumbani Chang'ombe na vigelegele vinasikika hadi barabarani. Wawili wanarudishwa Gereza la Isanga. Kabla ya jioni mtaa mzima wa Dodoma una jibu: hao watatu wametoa kitu kidogo. Ukiisoma hukumu yenyewe, mara nyingi jibu ni jingine.

Tuanze na ushahidi wa mazingira. Hapa hakuna shahidi aliyeona tendo likitendeka. Mahakama inaunga dalili moja na nyingine. Wengi hudhani ushahidi huu ni wa daraja la pili. Sivyo. Mtu anaweza kuhukumiwa kunyongwa kwa huo peke yake, ila sharti lake ni gumu: dalili zote zielekee kwa mshtakiwa, na pasiwe na maelezo mengine ya busara isipokuwa kwamba ndiye aliyetenda. Majaji wetu bado wanairejea kesi ya mwaka 1958 kutoka Uganda, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki.

Kesi hiyo nayo iliazima maneno ya majaji wa London ya mwaka 1952, waliokumbusha kisa cha Yusufu na kikombe chake cha fedha. Kikombe kilikutwa kwenye gunia la Benyamini, ndugu zake wakaamini upesi kwamba kaiba, kumbe kilipachikwa humo kwa amri ya Yusufu mwenyewe. Mimi huwa naongeza jambo moja: gunia lilikuwa la mmoja, lakini ndugu wote kumi na mmoja waligeuza njia wakarudi mjini.

Hapo ndipo kesi za kundi zinapoleta utata. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiwa na nia ya pamoja ya kutenda uovu, kisha likatokea kosa ambalo ni tokeo la kutarajiwa la uovu huo, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Si lazima wawe wamekaa kikao. Nia inaweza kuzaliwa palepale kwenye tukio. Lakini kuwepo tu hakutoshi.

Chukua mfano wa kubuni. Mfugaji wa Bahi anauawa usiku wa siku ya mnada. Muuza pombe anasema aliwaona wanaume watano wakiondoka naye kilabuni saa mbili usiku. Siku mbili baadaye simu ya marehemu inakutwa kwa wa kwanza. Wa pili anawapeleka polisi kichakani lilikofichwa panga. Wa tatu anadanganya kwamba hakufika kilabuni kabisa. Wa nne kahamia Manyoni ghafla. Wa tano hana lolote, zaidi ya kuonekana akitembea nao.

Mahakama ya chini inaweza kuwatia hatiani wote kwa aya moja: walikuwa pamoja. Kwenye rufaa aya hiyo inafumuliwa. Kwa wa kwanza itaulizwa kama simu imethibitika ni ya marehemu, kama hati ya ukamataji mali ilijazwa na kusainiwa, na ilipita mikononi mwa nani hadi ikafika kizimbani. Swali hilo la mwisho lina historia hapa hapa: hukumu inayonukuliwa sana kuhusu mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, ya Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ilitolewa na Mahakama ya Rufani ikiwa imeketi Dodoma. Warufani walikuwa watano.

Wa pili ana kazi kubwa. Asiyehusika alijuaje panga liliko? Uongo wa wa tatu unaweza kuutia nguvu ushahidi mwingine, lakini peke yake haumfungi mtu, maana watu hudanganya hata kwa woga. Kuhama kwa wa nne ni vivyo hivyo, hasa kama Manyoni alikuwa na kibarua. Wa tano, kwa maoni yangu, hakupaswa hata kufika kwenye rufaa.

Majaji wanaweza kuyafanya haya yote kwa sababu rufaa ya kwanza ni kama kuisikiliza kesi upya kwenye karatasi: wanapima ushahidi wote na kufikia uamuzi wao. Rufaa ya pili ni nyembamba zaidi, hubanwa kwenye hoja za kisheria. Kesi ya mauaji ikisikilizwa Mahakama Kuu, rufaa yake ya kwanza huenda moja kwa moja kwa majaji watatu wa Mahakama ya Rufani.

Muda nao hausubiri. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Kutoka Mahakama Kuu, notisi ni siku 30. Aliyeko gerezani hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye huzipeleka mahakamani. Kwa hiyo wa tano, aliyekuwa akitembea tu na wenzake, anatakiwa aandike sababu zake mwenyewe, asinakili za wa kwanza.