Barua pepe ya kitapeli: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukisubiri zamu yako ya kuprinti kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, utapewa ushauri wa bure kuhusu matapeli wa barua pepe. Mwingi wake haufai.

"Ifute, umemaliza." Huu ndio umeshika mizizi. Kama uliisoma tu, bila kubofya linki wala kufungua kiambatisho, kwa kawaida hujadhurika. Lakini ukishajaza nywila kwenye ukurasa wao, kufuta barua hakusaidii, nywila wanayo. Ibadilishe hapo hapo, ukiandika anwani ya tovuti kwa mkono wako, na pia kokote unakotumia nywila hiyo hiyo. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Kisha ingia kwenye mipangilio uone kama kuna anwani usiyoijua inayopelekewa nakala za barua zako. Hapa wengi hawafiki. Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga anaweza kubadilisha nywila leo, na matapeli wakaendelea kusoma ankara zake, wakingoja siku ya malipo wamwandikie mteja: "Akaunti yetu ya benki imebadilika, lipia hii." Mteja akipata barua kama hiyo, apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyoandikwa mle.

"Tapeli utamjua kwa Kiswahili kibovu." Zamani, labda. Siku hizi barua ya kuitwa kwenye usaili inakuja na nembo ya taifa, lugha sanifu na majina yako matatu. Angalia anwani ya linki, na uisome kuanzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Mfumo wa ajira serikalini uko portal.ajira.go.tz. Linki ikianza na ajira.go.tz, halafu ikafuata nukta, neno jingine na .com, hiyo si ya serikali hata kidogo.

"Ina kikufuli, ni salama." Kikufuli kinachoonekana kando ya anwani ya tovuti kinasema tu kwamba mawasiliano yenu hayasomwi njiani. Tapeli naye anakipata, tena bure.

"Nimeweka uthibitisho wa hatua mbili, hawaniwezi." Uweke, yaani mbali na nywila uombwe pia namba inayotumwa kwenye simu yako, unasaidia sana. Ila ukurasa wa bandia utakuomba na namba hiyo, na ukiijaza wanaitumia papo hapo kuingia.

"Kijana wa steshenari ndiye aliyenifungulia akaunti, anajua." Ndiyo, na huenda namba ya kurejeshea akaunti ni yake. Simlaumu kijana, watu walikuwa foleni na simu yako haikuwa na chaji. Ila weka namba yako, badilisha nywila, na usiondoke kwenye kompyuta ya dukani kabla ya kutoka kwenye akaunti.

"Nimjibu nimtukane." Utakuwa umemthibitishia tu kwamba anwani inafanya kazi.

"Pesa ikishaenda, imeenda." Piga simu benki au kwa mtandao wa simu mara moja, huenda bado haijatolewa, kisha nenda polisi. Utapeli wa namna hii umo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Barua yenyewe uiache kwenye kikasha iwe ushahidi, kwa kuwa picha ya skrini haionyeshi njia iliyopitia. Ujumbe wa kitapeli ukija kwa SMS, utume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripotia utapeli wa simu.