Uvimbe wa mishipa ya damu kwenye mfupa wa mtoto: yasemwayo kuhusu picha, na ukweli wake

Uvimbe unaoanzia kwenye mishipa ya damu ndani ya mfupa ni nadra kwa watoto, kwa hiyo ukitokea, maneno hutangulia majibu.

"Eksirei imetoka safi, mfupa hauna kitu."
Tundu ambalo uvimbe huo huacha ndani ya mfupa huanza kuonekana kwenye eksirei pale mfupa unapokuwa umeshapoteza madini mengi, takriban asilimia 30 hadi 50. Mtoto anayeamka usiku akilia kwa maumivu ya paja, palepale kila siku, anastahili MRI hata kama eksirei yake haina dosari.

"MRI itamchoma mtoto kwa mionzi."
MRI hutumia sumaku. Yenye mionzi ni CT scan, na eksirei kwa kiasi kidogo. Shida ya MRI ni kelele na kutulia, ndiyo maana wadogo hupewa dawa ya usingizi.

"Matundu ni mengi, basi ni saratani iliyosambaa."
Hapa ndipo wazazi wanapokatishwa tamaa mapema mno. Picha inaonyesha tundu kwenye mfupa wa muundi, mengine mawili matatu kwenye mifupa ya wayo wa mguu uleule, na msomaji wa kwanza anaandika "saratani iliyosambaa". Kumbe uvimbe wa aina hii una mazoea ya kutokea sehemu kadhaa kwa pamoja, mara nyingi kwenye kiungo kimoja. Hufanya hivyo aina iitwayo hemanjioma ya epithelioidi, ambayo si saratani, na hufanya hivyo pia aina iitwayo hemanjioendothelioma ya epithelioidi, ambayo ni saratani. Kwa hiyo kuhesabu matundu hakuamui kitu. Tena kwetu orodha ni ndefu zaidi: usaha wa mfupa, kifua kikuu, na mifupa iliyoharibiwa na selimundu huweza kufanana na hayo. Mtaalamu wa radiolojia asiyeambiwa kama mtoto ana homa au selimundu anasoma gizani.

Zipo picha zinazojitosheleza. Hemanjioma ya pingili ya mgongo huacha mistari ya wima kwenye eksirei na vidoadoa kwenye CT, na kwa sababu ya mafuta yake mara nyingi hung'aa kwenye MRI. Hiyo kwa kawaida haihitaji biopsi, yaani kukatwa kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe.

"Biopsi huchokoza uvimbe ukasambaa."
Biopsi iliyopangwa vizuri ndiyo inayotenganisha hizo mbili za epithelioidi. Hofu yenye msingi ni nyingine. Uvimbe wa kaposi­fomu (aina nyingine ya uvimbe wa mishipa) unaweza kumeza chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, mpaka damu ikashindwa kuganda, hali iliyoelezwa na Kasabach na Merritt mwaka 1940, hivyo FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, hutangulia sindano. Na ugonjwa wa Gorham-Stout, unaoyeyusha mfupa, ukishukiwa, daktari husita kufanya biopsi kwenye ubavu, kwani majimaji ya limfu yanaweza kujaa kifuani. MRI iliyofanywa kabla humwonyesha mfupa mwingine ulio salama zaidi kuchomwa.