Kuzima traksheni na stabiliti: maneno ya vijiweni Malindi na ukweli wenyewe

Kaa kwenye kijiwe chochote cha wapenda magari Malindi, hasa penye Subaru ya turbo au Mark X imeegeshwa mbele, hutakosa kuambiwa kwamba gari lenye nguvu halitoi utamu wake mpaka uzime "kila kitu", yaani traksheni na stabiliti, mifumo ya kompyuta inayozuia gari kuteleza. Anayesema hivyo kabonyeza kitufe, kaona taa ya manjano ya kigari kinachoserereka imewaka, akaamini ameachiwa gari peke yake. Mara nyingi bado hajaachiwa.

"Nimebonyeza, kila kitu kimezimika"

Kitufe ni kimoja, kazi ni mbili. Traksheni huchunga magurudumu yanayosukuma gari: likianza kuzunguka bure, hupunguza nguvu ya injini au hulibana breki. Stabiliti huchunga gari zima. Husoma pembe ya usukani, kasi ya kila gurudumu na jinsi gari linavyojizungusha, kisha hulinganisha unakotaka kwenda na unakoelekea kweli. Mkia ukichomoka, hubana zaidi gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Pua ikikataa kukata kona, hubana la nyuma la upande wa ndani. Wewe huwezi kufanya hivyo hata ungekuwa na miguu minne, maana pedali ya breki ni moja.

Katika magari mengi, kubonyeza mara moja huzima traksheni tu. Ukitaka stabiliti nayo ilale, sharti ukishikilie kitufe sekunde kadhaa. Hata hapo, baadhi ya Mercedes-Benz huirudisha kazini pindi ukanyagapo breki, na magari mengine huiamsha kimyakimya mwendo ukizidi. Ndiyo sababu wenye Toyota 86 walitafuta mpangilio wao wa kukanyaga breki na kuvuta handibreki mara kadhaa, kama wanaofungua kufuli ya namba, ili mfumo ulale kabisa. Ukizima injini na kuwasha tena, kwa kawaida kila kitu kinarudi.

"Ukizima, gari linaongeza nguvu"

Haliongezi. Kwenye lami kavu, tairi zikiwa zimeshika, mfumo haufanyi lolote zaidi ya kutazama. Ukweli mdogo uliomo ni kwamba tairi husukuma vizuri zaidi likiteleza kidogo, na mifumo ya zamani ilikuwa na pupa ya kukata nguvu. Moshi wa tairi, hata hivyo, ni mafuta yako yanayoungua bila kukufikisha popote.

"Subaru inasukuma kwa magurudumu manne, haihitaji"

Magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari lina breki nne. Na kwenye kona mwenye kauli ni tairi, si nembo iliyo puani. Pita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke mvua za kwanza za masika zinapogusa lami iliyokunywa vumbi na mafuta miezi mizima. Au vuka daraja la Sabaki uelekee Gongoni, mahali upepo umemwaga mchanga pembeni mwa barabara: umpishe lori la chumvi, magurudumu mawili yabaki kwenye lami na mawili yaingie mchangani, halafu ukanyage breki. Hapo ndipo stabiliti inapolipa gharama yake.

Haikuwekwa kwa wazee waoga, kama tunavyoambiwa. Bosch na Mercedes-Benz waliiingiza sokoni mwaka 1995 kwenye gari la kifahari la S-Class. Mwaka 1997 A-Class, gari dogo la Mercedes-Benz hiyohiyo, ikapinduka Sweden katika jaribio la kukwepa kizuizi cha ghafla, na kampuni ikalazimika kuiweka katika kila A-Class.

"Chomoa fyuzi ya ABS"

Hii ndiyo inayonitia hofu. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki. Fundi mmoja wa hapa mjini aliombwa na kijana: "Ami, toa tu hiyo fyuzi." Akamjibu bila kuinua kichwa: "Nikiitoa, mwanangu, breki za nyuma hazina mwenyewe." Yuko sawa. Pamoja na ABS huondoka kazi ya kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka likatazama lilikotoka.

"Madereva wa mashindano huzima vyote"

Magari ya daraja la juu ya Safari Rally, kule Naivasha, hayana ABS wala traksheni, na Formula 1 ilipiga marufuku traksheni kuanzia 2008. Lakini magari ya GT3, daraja la mbio la magari yanayotokana na yale ya kuuzwa madukani, hushindana yakiwa na vyote viwili, dereva akipunguza na kuongeza kwa swichi. Isitoshe, Naivasha barabara hufungwa. Hapa kwetu tuktuk huibuka uchochoroni bila taa, na punda hana habari ya turbo yako.

"Basi usikiguse kitufe kamwe"

Hapana, sisemi hivyo; kuna mahali nakubaliana na kijiwe kwamba kibonyezwe. Kwenye njia za mchanga za Mambrui, traksheni ndiyo itakayokukwamisha: gurudumu linateleza kidogo, kompyuta inakata nguvu, injini inakohoa huku mguu umefika sakafuni, gari linasimama na kuzama. Vitabu vingi vya magari huelekeza kuizima ukikwama mchangani au matopeni. Izime kabla hujaingia, punguza upepo wa tairi, nenda kwa mwendo mmoja bila kukata usukani kwa ghafla. Tairi za ubavu mfupi za gari la mwendo usizipunguze sana, zitachomoka rimu. Ukirudi lami, washa mfumo palepale, na uende polepole hadi mahali pa kujaza upepo.