Udongo Umekwenda Wapi? Ninavyosoma riwaya za kusaka hazina

Muuza vitabu vya mtumba ninayenunua kwake hapa Mwanza mjini ameshanijua. Kikiingia kitabu chenye jalada la piramidi, fuvu au ramani iliyoungua pembeni, ananiwekea chini ya meza. "Dada, hiki chako," huniambia, na mara nyingi hakosei. Kazi yangu ni akiolojia, kuchimba mabaki ya watu wa kale. Mchana nachekecha udongo, jioni nikishanawa mikono nasoma habari za watu wanaokimbizana kutafuta dhahabu ya wafalme wa kale. Wenzangu huniuliza navumiliaje. Mimi nazipenda hasa.

Nazipenda kwa sababu zinaanzia pale pale kazi yetu inapoanzia. Mtu ameokota kitu kidogo kisichoeleweka, labda sarafu iliyolika, na usingizi umemruka mpaka ajue kilitoka wapi. Hamu hiyo ni ya kweli, na mwandishi mzuri huniambukiza upya hata nikiwa nimechoka. Ila ninaposoma huwa nina swali moja mkononi: hawa mashujaa wakishafika kwenye chumba cha hazina, udongo walioutoa wameupeleka wapi?

Riwayani udongo ni kizuizi tu. Baruti inalia, ukuta unaanguka, vumbi likitulia dhahabu inameta. Shimoni kwetu mambo huenda polepole, kwa mwiko wa mwashi na brashi, kwa sababu ardhi hujipanga kama jalala la nyuma ya nyumba: taka za jana ziko juu, za babu ziko chini. Kipande cha mkaa kilicholala kando ya chungu hupimwa kaboni, nacho kinatoa umri wa chungu. Vitenganishe hivyo viwili, ukavichanganye kwenye tuta moja, na umri huo hautapatikana tena, hata uje na mashine gani.

Wengi wetu tulianzia kwenye Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1929. Mwingereza Rider Haggard aliandika hadithi yenyewe mwaka 1885, wakati Wazungu wengi wakiamini kwamba magofu ya mawe ya Zimbabwe hayawezi kuwa kazi ya Waafrika. Miaka 14 kabla yake, mwaka 1871, Mjerumani Karl Mauch alifika Zimbabwe Kuu, akakata kibanzi cha boriti ya mlangoni, akakifananisha na mbao ya penseli yake. Akasema huu ni mwerezi ulioletwa kutoka Lebanoni, basi aliyejenga ni Malkia wa Sheba. Boriti ilikuwa mti wa huko huko. Mnamo 1895 ikaanzishwa kampuni iliyopewa kibali cha kuchimbua dhahabu kwenye magofu ya nchi ile. Baadaye Richard Hall, aliyewekwa kuyatunza magofu ya Zimbabwe Kuu, akakwangua na kutupa tabaka nene za udongo, akiziita uchafu wa Waafrika uliofunika kazi ya wageni wa kale. Uchafu ule ndio uliokuwa na majibu: vigae, majivu, sakafu za nyumba za watu walioishi pale. Mwanaakiolojia Mwingereza Gertrude Caton-Thompson alipochimba mwaka 1929, mwaka ule ule wa tafsiri yetu, ilimbidi atafute sehemu ambazo hazijaguswa. Akathibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Huwa naumia sana nikifikiria alichokuta kimeshatupwa.

Upande wa pili yupo mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter. Ngazi ya kwanza ya kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, ilionekana tarehe 4 Novemba 1922, na kuvitoa vitu vyote, zaidi ya 5,000, kulichukua takriban miaka 10. Kila kitu kilipigwa picha na kuandikwa kilipolala. Watu hukumbuka barakoa ya dhahabu. Mimi nakumbuka maua. Kwenye majeneza kulikuwa na mashada yaliyokauka, na kwa kujua kila ua na tunda huiva lini, wataalamu wakaona mfalme alizikwa kati ya Machi na Aprili. Nionyesheni riwaya ambayo shujaa wake anapiga magoti kutazama maua makavu huku dhahabu iko mbele yake. Nikiipata nitainunua bila kuuliza bei.

Na ramani? Riwaya nyingi zina ramani. Kwetu ramani inaweza kuwa mzee anayesimulia. Wahaya wanasimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Wazee wa kijiji cha Katuruka, huko Kagera, wakamwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt mahali penyewe, penye mti uitwao Kaiija, jina linalomaanisha mahali pa kufulia chuma. Alipochimba mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Hakukuwa na taji wala kito, ila mkaa na mavi ya chuma, yale mawe meusi yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Nikisimama pale mwili hunisisimka kuliko kwenye ukurasa wowote niliowahi kusoma.

Sasa nije kwetu. Kila mwenyeji wa Mwanza amesikia habari za mali ya Mjerumani: masanduku yaliyofukiwa, alama zilizochongwa kwenye majabali. Uvumi huu hautoki hewani. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimewabana, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, zenye picha ya tembo, na Julai mwaka huo huo wakaikimbia Mwanza. Hapo mtu hujazia mwenyewe yaliyobaki.

Mwaka juzi niliitwa kwenye kilima kimoja nje ya mji. Chini ya jabali vijana walikuwa wamechimba shimo la kina cha mtu mzima. Sanduku hawakulipata. Nilichuchumaa kwenye tuta la udongo wao, na karibu na mguu wangu kulikuwa na kitako cha chungu. Nikakipangusa kwa kidole. Katikati kilikuwa na kibonyeo, na kidole gumba changu kikaingia sawasawa. Ni aina ya Urewe, vyungu vya wakulima na wafua chuma wa kwanza wa ukanda huu wa ziwa. Kilitoka kina gani? Kulikuwa na mkaa kando yake, au mifupa ya samaki? Mmoja wa vijana wale alinijibu kwa upole, "Dada, vile tulikuwa tunavirusha tu."

Sikumgombeza. Nilimweleza kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji leseni. Kisha nikampa riwaya niliyokuwa nayo kwenye mkoba, maana nilitaka aendelee na hamu yake. Nikamwomba tu kila mashujaa wakichimba mle kitabuni ajiulize habari ya udongo.

Zikapita wiki mbili, akanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Kitabu nimekifikisha kati. Kuna kitu nauliza. Shambani kwa mjomba, ng'ambo huku Sengerema, jembe linatoa mawe meusi mazito yenye matundu, na vipande vya mirija ya udongo. Bibi anasema walikaa Warongo hapo zamani. Tuchimbe tuone?"

Warongo ndio wahunzi waliovuma upande ule wa ziwa. Nilimpigia hapo hapo, nikamwambia wasimamishe jembe, wasiokote hata kimoja, na wamwombe bibi anisubiri. Jumamosi alfajiri nilikuwa njiani, na chekeche nyuma ya gari.