Picha za samaki wa tangi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Picha ya samaki ikitoka na ukungu, wa kwanza kulaumiwa ni simu au kamera. Mara nyingi kosa limeshafanyika kabla mwanga haujafika kwenye lenzi: majini, kwenye kioo, au kwenye fulana nyeupe ya mpigaji mwenyewe.

"Fleshi haifai kabisa: inarudi kwenye kioo na kupofusha samaki"

Kurudi kwenye kioo ni kweli, ila kwa fleshi iliyokaa juu ya kamera ikikitazama kioo uso kwa uso. Mwanga unagonga na kurudi ulikotoka, picha inapata doa jeupe katikati. Ing'oe kwenye kamera, iweke juu ya kifuniko cha kioo cha tangi ikitazama chini, na uifyatue kwa rimoti. Mwanga utashuka kutoka juu kama jua linavyoshuka ziwani. Anza na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/200, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 au 400, fleshi robo ya nguvu yake. Picha ikiwa na giza, ongeza nguvu ya fleshi kwanza, shata iache ilivyo.

Kifuniko kiwe kikavu na fleshi ifungwe kamba, kwa sababu ndani yake mna mamia ya volti na haitakiwi kutumbukia. Kuhusu samaki, watashtuka mara mbili tatu za mwanzo kisha watazoea. Kinachowasumbua zaidi ni kuwashiwa taa ghafla kutoka gizani, kwa hiyo taa ya tangi iwe imewaka nusu saa kabla ya kuanza.

"Polaraiza inamaliza mng'ao wote"

Polaraiza, kichujio kinachofungwa mbele ya lenzi, hukata mng'ao vizuri ukikitazama kioo kwa mshazari mkubwa, kiasi cha nyuzi 55 kutoka usawa wa mbele. Ukisimama mbele kabisa haikati chochote, na bado inakunyang'anya nusu ya mwanga au zaidi. Ukihama ukae mshazari ili ikufae, maji na unene wa kioo vinapinda mwanga, na magamba yanatoka kama yamepakwa mafuta. Iache kwenye begi. Lenzi ikitazame kioo kwa pembe mraba, zima taa za chumba, funga pazia, vaa nguo nyeusi. Kitambaa cheusi kilichotobolewa tundu la lenzi kinafanya kazi ambayo polaraiza ya bei haiwezi.

"Badilisha maji asubuhi ya siku ya kupiga, yang'ae"

Maji ya bomba huja na hewa iliyoyeyuka. Yakipata joto ndani ya tangi, hewa inajitenga na kuwa viputo vidogo vinavyoganda kwenye kioo, majani, hata mapezi, na kwenye picha vinaonekana kama vumbi. Badilisha robo ya maji siku moja au mbili kabla. Siku yenyewe sugua kioo kwa ndani, subiri saa moja uchafu utue, kisha zima filta na pampu ya hewa dakika kumi kabla ya kupiga. Usipitishe nusu saa. Weka alamu ya kukukumbusha kuviwasha, maana kusahau filta kumeua samaki wengi.

"Simu haiwezi"

Inaweza, mradi usitumie lenzi pana ukiwa umegusa kioo, utapata kichwa kikubwa na mkia wa sindano. Tumia lenzi ya 2x au 3x kama simu inayo. Kukuza kwa vidole mara nyingi ni kukata picha tu. Bonyeza kwa muda mahali samaki anapopenda kupita hadi fokasi ifungwe, shusha mwangaza kidogo, kisha subiri aje. Michirizi myeusi ikitokea, inatokana na taa ya LED iliyopunguzwa, kwani nyingi huwaka na kuzimika kwa kasi. Ipandishe hadi asilimia 100. Ikibaki, jaribu shata 1/100 au 1/50, maana umeme wetu ni wa Hz 50. Kwa 1/50 mpige samaki aliyetulia tu.

"Rangi zile zimetiwa kwenye kompyuta"

Nyingine ndiyo. Lakini samaki aliyewekwa juu ya mchanga mweupe hupauka, juu ya mchanga mweusi rangi hukolea, na anayeonewa na wenzake hubaki amefifia hata ukimwangazia vipi. Umri nao una neno: Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika huanza mweusi mwenye madoa meupe, akikua madoa yanafutika, anabaki na kichwa cha buluu na mkanda mmoja mwilini. Anayetaka madoa asingoje.

"Tangi la mimea hupigwa vilevile"

Hapana. Hapa kamera inakaa kwenye stendi, katikati ya urefu wa kioo, mbali kidogo, na inajifyatua yenyewe baada ya sekunde mbili. Piga taa ikiwa imeshawaka kwa muda wa saa nne hadi sita, mimea inapotoa viputo vya oksijeni. Wapambaji wa matangi hupuliza uso wa maji kwa draya ya nywele upate mawimbi. Feni ndogo ya betri ni salama zaidi. Kioo cha kawaida kina ukijani, kwa hiyo piga RAW (faili ghafi la kamera), na picha ya kwanza iwe ya kipande cha plastiki nyeupe kilichozamishwa palepale walipo samaki. Hicho ndicho utakachokigusa baadaye kwenye programu ya picha unaporekebisha weupe, ili ijue nyeupe ni ipi.